Sarafu na Shahidi Wake

Kila biashara ina watu wawili, muuzaji na mnunuzi, na kila mmoja ana jicho lake. Muuzaji hutazama kitu chake kwa jicho la mapenzi; mnunuzi hukitazama kwa jicho la shaka. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na neno hili ni kweli sokoni kama lilivyo kweli uwanjani. Kwa sababu hii, tangu zamani watu wametafuta mtu wa tatu, asiye na faida katika kuuza wala hasara katika kununua, aseme kweli baina ya wale wawili. Katika pwani yetu mtu huyo alikuwa sonara. Alipopelekewa bangili aliisugua juu ya jiwe lake, akatazama alama iliyobaki, akaipima uzito katika mizani yake ndogo, kisha akasema kama ni dhahabu au ni shaba iliyovishwa dhahabu. Maneno machache ya sonara mwaminifu yalizuia magomvi mengi.

Nataka kusema nawe, msomaji, habari za mtu wa tatu wa namna nyingine, ambaye kazi yake ni kupima sarafu za kale na kuzipa daraja. Watu wengi siku hizi hukusanya sarafu kama wengine wanavyokusanya stempu. Mkusanyaji aingiapo sokoni hukuta sarafu za hali mbili: zile zilizo wazi, ambazo huweza kuzishika kwa vidole vyake, na zile zilizofungwa ndani ya visanduku vya plastiki pamoja na cheti chenye namba. Hizi za pili aghalabu huuzwa ghali kuliko zile za kwanza. Swali langu ni hili: je, cheti hicho kituongoze katika kuchagua sarafu ya kununua? Jibu langu ni kuwa chafaa kusikilizwa kama shahidi, lakini hakifai kukalia kiti cha kadhi. Shahidi hueleza alichokiona; kadhi ndiye akataye shauri, na kadhi wa fedha yako ni wewe mwenyewe.

Usidhani kwamba jambo hili ni la matajiri wa miji mikubwa tu. Ukiteremka kutoka vilima vya Shimba kwenda baharini, ukafuata njia ya kusini kutoka Tiwi na Diani kupita Gazi na Msambweni mpaka Vanga, wapita katika nchi ambayo fedha za mataifa mengi zimepita. Shimoni palikuwa na kituo cha kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na kampuni hiyo ilipigisha fedha yake yenyewe huko Birmingham, rupia na visehemu vyake, yenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Vanga ilikaa karibu na mpaka wa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, nao walikuwa na rupia yao. Kabla ya hao wote palikuwa na pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Unguja, zenye picha ya mizani pia, na riale ya Sham, fedha nene yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Tangu mwaka 1907 zikaja senti zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga katika uzi kama shanga. Shilingi ilishika mahali pa rupia baada ya mwaka 1920, na senti za tundu ziliendelea kupigwa hata mwaka 1964. Mwaka 1966 Kenya ikatoa sarafu zake yenyewe. Basi katika kasha la bibi kizee wa Msambweni zaweza kukutana dola tano, na hakuna aliyezikaribisha ila haja ya chumvi, nguo na kodi.

Yafaa kwanza tuujue ukoo wa namba iliyo katika cheti. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, aliandika kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Ndani yake alipanga hali za senti hizo kwa namba tangu 1 mpaka 70. Namba 1 ni sarafu iliyochakaa hata ikabaki kutambulika tu. Namba 70 ni sarafu isiyo na kasoro. Jambo la kuangaliwa ni kuwa Sheldon alikusudia namba hizo zionyeshe bei: senti ya 70 iwe na thamani mara sabini ya senti ya 1. Bei zilibadilika upesi na hesabu yake ikaanguka, lakini namba zikabaki. Kampuni mbili kubwa za Marekani zilizoanza kazi mwaka 1986 na mwaka 1987, PCGS na NGC, zilizichukua namba zile zile, na sasa sarafu za ulimwengu mzima hupimwa kwazo. Mwenye sarafu huipeleka na kulipa ada. Wajuzi huitazama, huamua kama ni ya kweli, huipa namba, kisha huifunga ndani ya kisanduku kisichofunguka pasipo kuvunjwa. Tangu namba 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikupata kutumika mikononi mwa watu. Tofauti ya namba moja au mbili huko juu, ambayo jicho la mtu wa kawaida haliioni, huweza kuzidisha bei mara nyingi.

Kazi hii ina manufaa, na si haki kuidharau. Uongo katika sarafu ni wa kale kama sarafu zenyewe. Chukua riale ya Sham. Maria Theresa alikufa mwaka 1780, lakini riale yenye sura yake na mwaka huo haikukoma kupigwa. Ilipigwa Vienna, na baadaye London, Rome, Paris na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa pwani hizi hawakutaka nyingine. Kwa hiyo riale yenye mwaka 1780 yaweza kuwa imepigwa mwaka huo au miaka mia na sabini baadaye, na tena yaweza kuwa bati lililong'arishwa juzi. Mizani husaidia, maana riale ya haki ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Sumaku husaidia pia, maana fedha haivutwi na sumaku. Lakini kutambua ni ya kiwanda gani na ya miaka ipi kwataka mjuzi aliyeona riale nyingi. Kadhalika mjuzi hutambua sarafu iliyosuguliwa. Wako watu wanaodhani wanaiheshimu sarafu ya kale wanapoisugua kwa jivu na limau mpaka ing'ae. Kumbe huondoa ngozi yake, na ngozi hiyo hairudi. Muuzaji huweza kulificha jambo hilo. Mtu wa tatu hulisema. Kwa mnunuzi asiyejua, neno hilo moja laweza kuokoa akiba ya miaka.

Lakini shahidi mkweli huweza kusema kweli yote aliyoulizwa, na bado shauri likaharibika, kwa sababu hakuulizwa lililo muhimu. Nitakueleza habari iliyotokea katika jamaa yangu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni kijana wa kazi katika hoteli moja ya Diani. Amependa sarafu tangu utoto, na mapenzi yake ni safi. Siku moja muuzaji mmoja alimwonyesha senti kumi ya mwaka 1936 iliyofungwa katika kisanduku, na namba yake ilikuwa 65. Bei aliyotajiwa ilikaribia mshahara wake wa mwezi mzima. Muuzaji alimwambia kuwa sarafu ile ina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyetawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka kisha akaacha kiti, na kwamba fedha za mfalme huyo ni adimu ulimwenguni. Kijana hakuwa na fedha za kutosha. Akakumbuka riale ya bibi yake.

Riale hiyo ilikuwa ya mama yangu. Alivikwa na mama yake siku ya harusi, naye akamvika binti yake, dada yangu. Imetobolewa karibu na ukingo na kupitishwa mkufu, na shavu la malkia limelika kwa kugusana na ngozi za wanawake watatu. Mpwa wangu alikuja kwangu Msambweni, akaketi ukumbini, akaniambia: "Mjomba, naomba unisemee kwa mama. Riale ile imetobolewa, haiwezi kupata daraja. Mjuzi akiiona ataandika kuwa imeharibika. Tuiuze kwa uzito wa fedha yake, nami nitanunua sarafu yenye cheti, ambayo thamani yake inajulikana."

Msomaji, yatazame maneno ya kijana huyu. Hapakuwa na uongo ndani yake. Sarafu iliyotobolewa, kuning'inizwa au kusuguliwa haipewi namba. Huandikwa kuwa ni ya kweli, ila ina dosari. Nilimwambia: "Mwanangu, sikukatalii. Lakini kabla hatujamfikia mama yako, tufanye kazi mbili. Tukihakikishe cheti, kisha tuiulize sarafu yenyewe."

Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi. Wadanganyifu siku hizi huiga hata visanduku na vyeti, kwa hiyo kampuni zimeweka orodha ya namba zake katika intaneti. Tukaitafuta namba ile, tukaiona, na picha ikalingana na sarafu. Cheti kilikuwa cha haki. Sarafu ilikuwa ya kweli, na ilitunzwa vizuri kama kilivyosema.

Kazi ya pili ikatoa jibu jingine. Ni kweli kuwa fedha za Uingereza zenye sura ya Edward wa Nane ni adimu mno, kwa sababu aliacha ufalme mwezi wa Desemba mwaka 1936, kabla hazijatolewa kwa matumizi ya watu. Lakini senti za tundu za Afrika ya Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme. Zilikuwa na taji, jina lake na pembe za ndovu. Kwa hiyo hazikungoja picha yake. Zilipigwa kwa mamilioni, zikaletwa, zikatumika katika kila duka la nchi hizi. Senti kumi ya mwaka 1936 si kitu adimu. Ni kweli kuwa iliyo safi kama ile si ya kupatikana kila siku, nayo yastahili bei ya kuzidi; lakini si mshahara wa mwezi, wala si riale ya bibi. Muuzaji alikuwa ameazima uhaba wa fedha za Uingereza akautia katika senti yetu, na cheti, pasipo kusema uongo hata mmoja, kilimsaidia kwa kunyamaza. Majuma machache baadaye kijana alipata senti mbili za mwaka ule ule kwa mzee mmoja wa Ukunda, zimevaa kutu kidogo, kwa bei ya chai na mahamri. Riale imebaki shingoni mwa dada yangu.

Katika habari hii twaweza kuona mipaka ya ile namba. Yasema sarafu imehifadhika namna gani. Haisemi ziko ngapi mfano wake. Yasema ni ya kweli. Haisemi kama bei yake ni ya kweli. Wewe uliye mwanafunzi walijua jambo hili katika maisha yako. Alama ya mtihani hueleza ulivyojibu maswali siku ile, nayo yapasa kuheshimiwa. Lakini hapana mzazi mwenye busara asomaye alama peke yake akadhani amekwisha mjua mtoto wake.

Tena namba haisemi sarafu imetoka wapi. Mwaka 2013 wataalamu waliochimba katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, walipata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu mwaka 1402 mpaka mwaka 1424. Sarafu za aina hiyo ni nyingi, na katika masoko ya wakusanyaji si ghali. Lakini ile iliyopatikana Manda ilisomwa ulimwenguni kote, kwa sababu mahali ilipolala palishuhudia safari za bahari baina ya China na pwani yetu. Kama mtu angaliichukua kwa siri na kuiuza, ingalibaki sarafu moja katika maelfu. Thamani yake ilikuwa katika udongo ulioizunguka. Kwa hiyo ukiona kitu kama hicho karibu na magofu, au kando ya msikiti wa kale wa Kongo penye mlango wa mto Mwachema, usikiokote kwa kukiuza. Wapashe habari watu wa Makumbusho ya Taifa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sarafu bila mahali pake hupotea hali imo mkononi.

Yako pia mambo ya gharama na sheria. Kuipeleka sarafu ng'ambo kupimwa kwataka ada ya kampuni, nauli ya kwenda na kurudi, na bima ya njiani. Kwa shilingi au senti nyingi za zamani, gharama hizo hupita thamani ya sarafu yenyewe, na ni sawa na kumnunulia kuku wa shilingi mia banda la shilingi elfu. Zaidi ya hayo, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu chenye kuhamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Na kitu cha kale hakipelekwi nje pasipo kibali. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 imo katika hesabu hiyo, na riale iliyoletwa zamani imo pia. Mtu hawezi kuitia katika bahasha akaituma Marekani kwa sababu tu ataka namba.

Je, basi cheti kiachwe? La. Wako wakusanyaji wasemao kuwa mwenye macho hahitaji shahidi. Maneno hayo ni ya kiburi, na kiburi ni mwalimu wa ada kubwa. Iko sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916, vita vilipowakata na kwao, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa zaidi kidogo ya elfu kumi na sita tu, na kwa kuwa hupendwa sana zimeigwa pia. Atakaye kununua sarafu kama hiyo pasipo ushahidi wa mtu wa tatu ananunua mbuzi ndani ya gunia. Mpwa wangu sasa huweka akiba ili siku moja apate rupia ya Mombasa iliyo nzuri, na mimi mwenyewe nimemwambia asitoe shilingi yake mpaka aone cheti, au mpaka aitie mbele ya mjuzi asiye rafiki wa muuzaji. Kadiri bei inavyopanda na kughushi kunavyokuwa na faida, ndivyo shahidi anavyohitajiwa. Kadiri bei inavyoshuka, ndivyo ushahidi unavyokuwa pambo.

Nadhani basi utaratibu ulio mwema ni huu. Kwanza jua wataka nini, na kwa nini wakitaka; jambo hili lifanywe nyumbani, kabla ya kuona sanduku lolote. Soma habari za sarafu hiyo: nani aliipiga, mwaka gani, kwa wingi gani. Shika zilizo rahisi, zipime, zitazame kwa kioo cha kukuzia, mpaka jicho lako lizizoee. Kisha, ukiipata uitakayo na bei yake ni kubwa, mwite mtu wa tatu aseme kama ni yenyewe, na kama hali yake ni ile inayodaiwa. Neno lake lipunguze au lizidishe bei utakayokubali; lisikuchagulie kitu. Anayeanza kwa namba hununua namba, na sarafu huwa kifungashio chake.

Mwisho nakuomba ufikirie tundu mbili. Senti ya mwaka 1936 ina tundu lililotobolewa kiwandani, na kwa tundu hilo hupewa daraja la juu. Riale ya dada yangu ina tundu lililotobolewa na fundi wa kijijini, na kwa tundu hilo hunyimwa daraja. Mpimaji hana kosa katika yote mawili, maana kazi yake ni kuona kama sarafu imebaki ilivyotoka kiwandani. Lakini sarafu hupigwa ili ipite mikononi, ilipe deni, imwozeshe binti, ifichwe siku ya njaa na kutolewa siku ya haja. Kuna kipimo cha sarafu iliyokaa pasipo kuguswa, nacho kina wajuzi wake. Kipimo cha sarafu iliyofanya kazi yake kimeachwa kwetu sisi, tunaojua ilipitia mikono ya nani. Akili za kuambiwa, msomaji wangu, changanya na zako.